Kutosha mikono ya esuiglasi: turnevisi ao arashi?

Mvua za kwanza zikianguka hapa kwetu, kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja, kuko kitu kimoja kinaonekana mu garaji zote, toka Lubumbashi mupaka Likasi na Kolwezi. Motoka zinafika moja nyuma ya ingine, na shofere ana neno moja tu: "Esuiglasi inakataa." Kiangazi kizima haikuguswa. Vumbi ya njia za mine ilijaa chini ya kapo, ikaingia mu kila tundu, kisha umande wa asubuhi ukaifanya sawa simenti. Sasa mvua inapiga, mukono wa kuume unabakia pale pale, ule wa kushoto unapanda nusu na kusimama.

Fundi anafungua kapo, anaangalia, anasema: lazima tutoshe mikono. Hapa njo mambo inaanzaka. Kutosha mukono wa esuiglasi inaonekana kazi ya dakika mbili, na kweli inaweza kuwa ya dakika mbili. Lakini ikifanywa na chombo kisichofaa, zile dakika mbili zinaweza kuacha parabrizi imepasuka toka chini mupaka juu, na ugomvi kati ya mwenye motoka na fundi juu ya nani atalipa. Kwa mufanyakazi wa mine aliyenunua motoka yake ya okazio kwa kuweka makuta mwezi kwa mwezi, parabrizi ni minerval ya watoto.

Na mara mingi si yeye mwenyewe anayepeleka motoka garaji. Iko poste ya usiku na mchana analala, ao iko kambi ya mine kwa wiki mbili. Ni mama wa nyumba ao mutoto mukubwa njo anaenda. Kwa hiyo hii habari si ya wale tu wanaoshika kle. Ni pia ya yule anayesimama pembeni akiangalia, na ambaye anapashwa kujua wakati gani aseme: "Fundi, ngoja kwanza."

Kwanza, hakikisha kama kweli mukono unapashwa kutoka

Kuko motoka zinazobadilishiwa motere ya esuiglasi bure. Shofere anafungulia, mukono hautembei, anasema motere imekufa. Anatafuta motere ya okazio, analipa, wanaiweka, na mukono bado hautembei. Kumbe shida ilikuwa ekru moja iliyolegea.

Fanya hivi. Mwagia parabrizi maji, washa kontakti, fungulia esuiglasi, na usikilize. Kama unasikia motere inazunguka chini ya kapo lakini mukono haufanyi kitu, mara mingi motere ni nzima. Ama ekru ya mukono imelegea, ama meno ya ndani ya mukono yamelika, ama tringleri, ile miti ya chuma inayounganisha motere na mikono yote mbili, imeachana. Kama husikii kitu hata kidogo, anza na fizibo mbele ya kutafuta motere. Na kama motere inanguruma kwa taabu, mikono inatetemeka lakini haipandi, hapo akse imeshikamana mu nyumba yake, na ni kweli lazima mikono itoke ili fundi afike kule chini.

Mikono inatoshwa tena wakati wa kubadilisha parabrizi, ao kama mukono wenyewe umepindika, ao kama resori yake imechoka na haikandamizi baleyi juu ya kioo. Kubadilisha baleyi tu, ile kauchu inayopangusa, hakuombi kutosha mukono. Tunasema hii juu kuko vijana wa barabarani wanaofungua ekru kwa kubadilisha kauchu! Baleyi inatoka kwa kibano chake kule mwisho wa mukono, ekru haiguswe.

Nini inashika mukono

Toa kile kifuniko kidogo cha plastiki chini ya mukono. Mu motoka zingine ni kofia ndogo ya kuinua na kucha, mu zingine ni kipande kinachofunguka sawa mulango. Ndani kuko ekru, na ndani ya ekru kuko kichwa cha akse ya chuma. Ile akse si laini. Kichwa chake kimechongwa sawa koni, chini kipana, juu chembamba, na pembeni kimekatwa meno madogomadogo. Mukono nao uko na tundu la namna ile ile. Ekru ikikazwa, inasukuma mukono chini juu ya koni, meno yanaumana, na kila kitu kinatembea pamoja.

Sasa ukitosha ekru, mukono unabakia umekaa. Watu wengi wanashangaa: ekru imetoka, nini tena inaushika? Koni njo inaushika, na kutu. Mu motoka mingi kichwa cha mukono ni aluminiumu na akse ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana mu maji machafu, moja inakula ingine, na hapa aluminiumu njo inalika. Inatoa unga mweupe, na ule unga unaomba nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Unajaa kati ya meno na kufunga. Ukifungua kifuniko na kuona ule unga mweupe, ujue mapema: huu mukono hautatoka kwa mikono mitupu, na kama fundi hana chombo, afazali muende kwa mwingine.

Baramini inaegemea wapi?

Kila mutu aliyefanya kazi mu karieri anajua baramini. Baramini haina nguvu yake yenyewe, inaomba mahali pa kuegemea. Ukitaka kuinua jiwe kubwa, unaweka jiwe ingine dogo chini ya baramini, na lile dogo njo linabeba yote: uzito wa jiwe kubwa na nguvu ya mikono yako juu yake. Kama lile dogo ni udongo, linazama. Kama ni jiwe lenye ufa, linapasuka.

Turnevisi kubwa iliyoingizwa chini ya mukono wa esuiglasi ni baramini. Sasa jiulize inaegemea wapi. Hakuna mahali pengine: ni juu ya ile grili ya plastiki chini ya kioo, ao juu ya ukingo wa parabrizi yenyewe. Plastiki iliyokaa miaka kumi juani inavunjika sawa biskwiti. Na kioo, ukingo wake njo mahali pake pa udhaifu. Parabrizi imetengenezwa na vioo viwili vilivyobandikwa na plastiki kati yao; njo maana jiwe la barabarani likipiga katikati, kioo hakimwagike. Lakini kidonda kidogo ku ukingo, hata kisichoonekana, kinaanza kutembea. Leo ni sentimeta moja. Kesho motoka inapita mu mashimo, jua la saa sita linapiga, kisha mvua ya baridi inaanguka juu ya kioo cha moto, na ufa unapanda mbele ya macho ya shofere.

Kwa kioo cha nyuma ni mubaya zaidi. Kioo cha nyuma cha motoka mingi si cha kubandikwa, ni kioo kimoja kilichopikwa kwa moto. Kile hakipasuke kidogo. Kikiguswa vibaya ku ukingo, chote kinageuka punje kwa mara moja. Na mu motoka zingine za mulango wa nyuma, akse ya esuiglasi inapita mu tundu lililotobolewa ndani ya kioo chenyewe. Kuingiza turnevisi pale ni kuomba hasara.

Kuko tena wale wa nyundo. Wanalegeza ekru, wanapiga kichwa cha akse kwa nguvu, wakifikiri mukono utaruka. Mara zingine unaruka kweli. Lakini kila pigo linashuka mu akse mupaka tringleri, na kule chini viungo ni vidonge vya chuma vilivyokaa mu vikombe vya plastiki. Kidonge kinatoka mu kikombe, na sasa uko na shida mbili. Kichwa cha akse nacho kinafumuka sawa uyoga, ekru haiingii tena. Pensi ya kukaza na kuzungusha mukono kwa nguvu ni jamaa yao: inapindisha mukono na kula meno ya aluminiumu.

Arashi inafanya nini tofauti

Chombo kinachofaa kinaitwa kwa Kifaransa arrache-bras, na mu garaji wanasema tu arashi. Ni ndugu mudogo wa ile arashi kubwa ya kutosha pulii na rulema, ambayo mafundi wa atelie za mine wanaijua sana. Iko na miguu miwili inayoingia chini ya kichwa cha mukono, na vise moja katikati inayoshuka juu ya kichwa cha akse. Unazungusha vise, inasukuma akse chini. Miguu inavuta mukono juu. Nguvu mbili zinajibiana ndani ya chombo chenyewe. Kioo hakipate kitu, plastiki haipate kitu, tringleri haipate kitu. Hiyo njo tofauti yote na turnevisi, na ni sababu bei ya arashi ndogo, ambayo iko mbali chini ya bei ya parabrizi, inarudi kwa kazi ya kwanza.

Lakini si arashi yote inafaa. Ile kubwa ya miguu mitatu, acha atelie. Mukono wenyewe unafunga upande mumoja, muguu wa tatu hauna mahali pa kuingia. Tena miguu yake ni minene. Chini ya kichwa cha mukono mara mingi kuko nafasi ya milimeta chache tu mbele ya kugusa plastiki. Kwa hiyo unatafuta miguu myembamba, yenye ncha iliyolazwa sawa ulimi. Mufunguko wa sentimeta nne ao tano unaenea kwa motoka ndogo na kwa Hiace. Kwa kamio, chukua kubwa zaidi.

Angalia tena ncha ya vise. Inapashwa kuwa nyembamba kuliko kichwa cha akse, na ikae katikati pasipo kuteleza. Zingine ziko na ncha inayozunguka yenyewe, ambayo ni muzuri kabisa juu haichimbi akse. Vise ikikaa pembeni, arashi inapinda, muguu mumoja unateleza, na chuma kinaruka juu ya kioo. Hapo umerudi kwenye shida ile ile uliyotaka kukimbia.

Kama huipati ile ya esuiglasi, uliza ile ya kutosha kose za batri. Ni karibu kitu kimoja: ndogo, miguu miwili, vise katikati. Mafundi wengi wanatumia ileile kwa kazi zote mbili, na hawakosei.

Na kama hata hiyo haipatikane, kuko sudere. Mu kambi yote ya mine kuko mutu mwenye posti ya kusudu. Anachukua kipande cha chuma cha U, upana wake uweze kumeza kichwa cha mukono. Upande wa chini anakata mulango, sawa kanya, upana wake kidogo zaidi kuliko akse, na anapunguza unene wake na lime mupaka uingie chini ya mukono pasipo kukwaruza plastiki. Upande wa juu anatoboa tundu, anasudu ekru ya 8 ao ya 10, na kuingiza buloni ndefu aliyoinoa ncha. Basi. Si chombo cha kupendeza, lakini nguvu yake inaegemea mahali panapofaa. Chuma kisiwe chembamba sana, juu kikifunguka chini ya nguvu kitaruka.

Kle nayo inachaguliwa

Kuko watu wanaoharibu kazi mbele hata ya kufika kwa arashi. Ekru ya esuiglasi ni ndogo na haikazwe sana, lakini miaka na kutu vimeikaza. Toyota na ndugu zake za Japani mara mingi ziko na 12 ao 14 mbele, na 10 ku esuiglasi ya nyuma. Motoka za Ulaya zinapenda 13, na zingine 15 ao 16. Shida inaanza wakati fundi ana 13 tu mu mukono na ekru ni ya 12. Inaingia, inaonekana inashika, kisha inateleza na kula pembe. Ekru yenye pembe zilizolika inaomba burini, na burini inaomba nyundo, na tumesema tayari nyundo inapeleka wapi.

Afazali duyi ya pembe sita kuliko ile ya pembe kumi na mbili, juu inashika ubao wa ekru, si ncha zake tu. Kle molete, ile ya kufungua na kufunga, isikaribie hapa. Na usisahau kwamba kuko motoka za zamani ambazo hazina ekru hata moja: mukono unashikwa na kibano kidogo pembeni. Unakivuta na ncha ya turnevisi ndogo, mukono unatoka. Ile njo kazi pekee ya turnevisi mu habari hii yote, pamoja na kuinua kifuniko.

Kazi yenyewe

Acha esuiglasi ijirudishe yenyewe mahali pake pa kulala, kisha zima kontakti na utoe funguo. Ufunguo utoke kweli, uende mu mufuko. Mutoto anayecheza mu kabini anaweza kugusa kifungo wakati vidole vya fundi viko mu tringleri. Kama kazi itashuka mupaka motere, tosha kose ya batri.

Weka alama. Kipande cha karatasi ya kubandika juu ya kioo, pale baleyi inalala, kwa kila mukono. Mafundi wengi wanaruka hatua hii na kisha wanatumia nusu saa kutafuta mahali. Na usichanganye mukono wa shofere na wa mwenzake. Mara mingi urefu si mumoja, na mupindo si mumoja.

Tandika kitambaa kinene juu ya kioo, chini ya mukono. Resori ya mukono ni kali. Baleyi ikitoka na mukono ukaachiliwa, chuma kitupu kinapiga kioo kwa nguvu, na parabrizi mingi imekufa namna hiyo pasipo mutu kugusa hata ekru.

Nyunyiza mafuta ya kutosha kutu kati ya akse na mukono, na ungoje robo saa, hata nusu saa. Kama kuko unga mweupe, nyunyiza jioni na ufanye kazi asubuhi. Mafuta ya frein yasitumike, yanakula rangi ya motoka. Wengine wanamwaga Coca. Iko na asidi kidogo, si uongo, lakini inaacha sukari mu meno, na sukari inaita vumbi.

Legeza ekru, lakini usiitoshe yote. Iache ishike kwa mizunguko michache, kichwa chake kiwe sawa na kichwa cha akse. Inafanya kazi mbili: inalinda filete, na mukono ukiachilia kwa ghafula, hauruki mu uso wa mutu.

Jaribu kwanza na mukono wako. Inua esuiglasi, shika karibu na kichwa chake, na uyumbishe kidogokidogo, huku na huku. Motoka iliyotunzwa, mukono unatoka hivyo tu. Haitoki? Weka arashi. Miguu ishike chini ya kichwa kinene cha mukono, si chini ya mukia mwembamba. Kaza vise kwa vidole, hakikisha iko katikati, kisha zungusha na kle kidogo, robo ya muzunguko. Simama, ngoja. Robo ingine. Chuma kinaomba wakati. Mara mingi unasikia "tak!", na imekwisha.

Kama vise imekuwa nguvu na hakuna sauti, usiongeze mupini wa bomba. Gonga kichwa cha vise na nyundo ndogo, polepole tu, sawa mutu anayebisha hodi. Ule mutetemo unavunja kutu. Bado? Joto. Aluminiumu inapanuka kuliko chuma, kwa hiyo ukipasha kichwa cha mukono joto, tundu linafunguka. Seshuare ya kukausha nywele, kama umeme uko, inafanya kazi hii muzuri. Maji yanayochemka yasimwagwe juu ya kioo baridi, na shalimo ya sudere isifike hapa kabisa: plastiki, rangi, kauchu na yale mafuta uliyonyunyiza, yote yanashika moto. Bomba la kupuliza hewa na kle ya pneumatiki pia, hapana. Nguvu ya kushtua haina haja hapa.

Kurudisha mukono

Mbele ya kurudisha, safisha meno ya akse na brosi ya waya, na ya mukono na brosi ndogo ya meno ya zamani. Kuhusu grese, mafundi hawasikilizane. Wengine wanasema akse ibakie kavu, juu koni yenye mafuta inaweza kuteleza. Wengine wanapaka. Sisi tunaona hivi: kupaka kidogo sana, sawa kivuli, kunasaidia yule atakayetosha tena kesho, na meno njo yanabeba kazi, si ukavu. Lakini kipaji cha grese kinachofurika, hapana.

Washa motere pasipo mikono, iache ijirudishe mahali pake, zima. Weka mikono juu ya alama zako, kaza ekru. Motoka ndogo mingi zinaomba kitu sawa 20 Nm, zingine zaidi. Kitabu cha motoka njo kinasema. Kwa yule asiye na kle dinamometriki: mukono mumoja, kle fupi, na usimamie pale inapokataa. Kisha mwagia kioo maji na ujaribu. Kamwe usijaribu juu ya kioo kikavu chenye vumbi, juu vumbi ya mine ni jiwe lililosagwa, na baleyi inachora nalo mistari ambayo hakuna kitambaa kitaifuta. Kisha siku mbili ao tatu za njia mubaya, kaza ekru tena. Hapa njo wengi wanaanguka: mukono unakaa juu ya koni baada ya kutetemeka, ekru inalegea, meno ya aluminiumu yanalika, na siku moja kati ya Lubumbashi na Likasi, nyuma ya kamio inayorusha matope, mukono unasimama.

Kama uko unanunua mukono wa okazio, peleka ule wa zamani mu mukono wako. Hesabu ya meno, unene wa akse, urefu, yote yafanane. Na hapa kwetu kuko mutego mwingine: motoka za gidoni ya kushoto na za gidoni ya kuume zinatembea mu barabara moja. Mikono ya moja haifae kwa ingine hata kama ni Toyota ya jina moja na mwaka mumoja. Inapangusa upande wa mwenzake, na mbele ya shofere inaacha pembetatu ya maji.

Kwa mama anayesimama garaji wakati bwana iko poste, maswali mawili yanaenea. La kwanza, mbele ya kazi: "Fundi, arashi iko? Unionyeshe." La pili si swali, ni simu. Piga foto ya parabrizi yote na ya pembe zake za chini, mbele ya fundi, pasipo kujificha. Fundi wa kweli hatakasirika. Inamulinda yeye pia, juu kuko wateja wanaoleta kioo chenye ufa na kutafuta mutu wa kukilipa. Kama anajibu kwamba arashi haina maana na anachukua turnevisi kubwa mu sanduku, unaweza kumwambia kwa heshima kwamba utarudi kesho.

Na vile vifuniko vidogo vya plastiki, visipotee chini ya motoka. Maji na vumbi vinaingia pale vinapokosa. Kimoja kikivunjika, kata kofia ya chupa ya plastiki ao kipande cha kauchu ya shambreri, ukibandike juu ya ekru mbele ya mvua ya jioni.